Mlango wa Kijani: Maneno juu ya Kuzitazama Kazi za Sanaa



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi za sanaa, na jinsi mtu awezavyo kuzitambua sehemu zake. Sharti niungame kwanza kosa langu, maana anayetaka kuwafundisha wenzake kutazama, heri aitaje mapema siku ile ambayo yeye mwenyewe alikuwa kipofu.

Mwaka 1979 nalikuwa mwalimu kijana katika mtaa mmoja ambao jina lake sitalitaja. Kanisa la pale lilikuwa dogo, kuta zake za mawe na chokaa, lakini mlango wake wa magharibi ulikuwa wa mti mgumu, umetiwa nakshi na fundi wa pwani zamani sana, hata wazee wa pale hawakumjua jina. Sikukuu ya kanisa ilipokaribia tukachanga fedha za kununua chokaa na rangi. Rangi iliyopatikana dukani ilikuwa ya mafuta, ya kijani. Mimi ndimi niliyesema, "Mlango nao umechakaa, na tuupake." Wanafunzi wangu wakaupaka mara mbili, na mara ya tatu juu ya zile mbili, nami nikasimama nyuma yao nikihimiza. Jumapili watu wakasifu sana. Mzee mmoja tu alisimama mbele ya mlango, akapitisha kidole chake polepole juu ya mwimo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, maua yamekwenda wapi?" Nikamjibu, "Mzee wangu, yapo pale pale, ila sasa yamekuwa ya kijani." Akatikisa kichwa, akaingia ndani kusali.

Nalidhani macho yake yameharibika kwa uzee.

Basi, swali lake ndilo nitakalolijibu leo, ingawa nimechelewa, na mwenyewe amekwisha kufariki. Mti haukukatwa. Hatukuondoa hata chembe moja ya nakshi ile. Kila ua alilolichonga fundi lilikuwapo chini ya rangi, kama nilivyomwambia. Walakini kitu kilikuwa kimepotea, naye alikitambua kwa kidole. Kitu gani?

Wenye elimu ya sanaa husema kwamba kila kazi, iwe picha, sanamu, nguo au jengo, imefanyizwa kwa mambo machache tu yanayoonekana. Huyataja saba: mstari; umbo bapa; umbo lenye unene, liwezalo kuzungukwa; nafasi; rangi; mwanga na kivuli; na hali ya uso wa kitu, yaani ukwaruzo au ulaini wake. Waalimu, nawasihi msiwape watoto maneno haya wayakariri kama majedwali ya hesabu. Faida yake ni nyingine. Ninyi waimbaji mwajua kwamba asiyejifunza kuimba husikia wimbo mmoja mtamu, basi. Aliyejifunza husikia sauti ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na ile nzito ya nne, na kwaya ikikosea hujua ni nani aliyepotea. Macho nayo hufundishwa vivyo hivyo.

Twende kwanza Kolo, katika nchi ya Kondoa. Wengi wetu tumepita barabara ile ya kutoka Dodoma kwenda Arusha, na mawe makubwa ya vilima vile tumeyaona kwa mbali tusijue yana nini. Katika mapango na chini ya miamba iliyoinama kuna michoro ya watu na wanyama iliyochorwa na wawindaji wa kale. Mwaka 1951 Bibi Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili, na mwaka 2006 mahali pale paliandikwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Mwaone watu wale wekundu: warefu, wembamba kupita kiasi cha mwanadamu, na vichwa vingine vina mistari kama nywele zilizosimama. Mgeni akija husema upesi, "Mchoraji huyu hakujua kipimo cha mwili." Nami nasema, afuate mstari kwa kidole, mbali kidogo na jiwe asije akaligusa, kutoka bega hata nyayo. Ataona kwamba mkono haukusita. Mchoraji aliyeweza kumchora mnyama hata twamtambua mara moja ni pofu au ni twiga, hakukosa ujuzi wa kumchora mtu mnene. Aliutaka urefu ule. Hapo ndipo tujifunzapo kanuni ya kwanza ya kutazama: tusiseme "amekosea" kabla hatujasema "amefanya hivi".

Mstari si wa kalamu na brashi peke yake. Mama akishona ukili kuwa mkeka, haandiki mstari wo wote, lakini milala iliyotiwa rangi ikikutana na ile isiyotiwa, mstari hutokea wenyewe, ukapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Mtoto aulizwe: mstari huu unaanzia wapi? Atatafuta, na katika kutafuta atafahamu namna mkeka ulivyosukwa.

Rangi nitaipita upesi, maana rangi ndiyo tuionayo sote bila kufundishwa, na mara nyingi ndiyo hutuzuia kuona mengine. Lakini tazameni kanga. Kina mama mnazo hapa leo za kila namna. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Twasoma jina kwanza, tukacheka au tukachukizwa, na kwa kusoma hivyo twasahau kutazama. Lifunikeni jina kwa mkono. Sasa semeni: pindo ni pana kiasi gani kuliko mji? Je, mji umejaa madoa, au una umbo moja kubwa katikati na nafasi tupu kulizunguka? Nafasi ile tupu si mahali mchoraji alipochoka. Ndiyo inayolifanya umbo la katikati lionekane toka mbali, mwenye kanga akiwa bado yuko ng'ambo ya shamba.

Nafasi hii tupu huwasumbua sana waalimu wetu. Nimeona daftari la mtoto aliyechora kuku mmoja katikati ya karatasi, na mwalimu akaandika kwa wino mwekundu, "Jaza ukurasa." Labda mtoto yule alijua kuliko mwalimu. Nendeni mkatazame vinyago vya Wamakonde vya mpingo. Kipo kinyago ambacho watu wamepandana, huyu juu ya bega la yule, hata juu kabisa, na wote wametoka katika gogo moja. Hapo unene ndio ulio mkuu. Sharti ukizunguke, maana nyuma kuna mtoto usiyemwona mbele. Kipo na kinyago kingine, cha zile namna ziitwazo shetani, ambacho fundi ametoboa mti huku na huku mpaka kilichobaki ni kama moshi uliokauka. Kile akiondoacho fundi hapa ni kazi yake kama kile akiachacho. Chukua karatasi, usichore kinyago. Chora matundu yake tu. Ukimaliza utakuta kinyago kimejichora chenyewe. Wanafunzi hupenda sana zoezi hili, na halina gharama yo yote.

Sasa niseme neno kwa ajili ya mtu ambaye wengi humdharau kwa kuwa kazi zake huigwa na kuuzwa kwa watalii kila mahali. Edward Saidi Tingatinga alitoka upande wa Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na karibu na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao laini za viwandani, kwa rangi ile ing'aayo ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi, nao walimdhania kuwa mtu mwingine. Miaka yake ya kazi haikufika hata mitano. Chui wake hana kivuli. Hana unene, ni umbo bapa lililokaa juu ya rangi moja tupu, na madoa yake yamepangwa kama mtu apangavyo shanga. Je, hakujua kutia kivuli? Swali hilo halina faida. Faida iko katika kuona kwamba pasipo kivuli, umbo na rangi hubeba mzigo wote; kwa hiyo ukingo wa umbo lazima uwe safi, na jicho la chui lazima liwe mahali pake hasa. Likisogea kidogo tu, picha nzima huanguka. Wengi wamwigao hawalijui hilo. Huongeza wanyama na huongeza rangi, na ile nafasi tupu ya nyuma huijaza.

Kinyume chake kabisa ni picha moja ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyekufa mwaka 1669. Waalimu wa shule ya Jumapili mnaijua, maana nakala zake ndogo zimo katika vitabu vingi: Kurudi kwa Mwana Mpotevu. Picha yenyewe iko Urusi, katika jumba la Hermitage mjini St. Petersburg, na kimo chake ni zaidi ya metro mbili na nusu. Mara nyingi tumeonyesha nakala ile tukasimulia hadithi, tukaigeuza chini. Hadithi watoto wanaijua. Waulizeni jambo jingine: nuru i wapi? Watawaonyesha uso wa baba, na mikono yake miwili juu ya mgongo wa kijana, na mgongo wenyewe. Sehemu kubwa iliyobaki ni giza, na katika giza lile kuna watu wengine ambao hatuwaoni vema. Upande wa kuume amesimama mtu mrefu mwenye vazi jekundu. Uso wake nao una nuru, lakini angalieni ni mbali gani kutoka kwa wale wawili. Kati yake na wao kuna nafasi ya giza, na hakuna aivukaye. Kisha shukeni chini. Kiatu kimemtoka kijana, na wayo wake mtupu umetuelekea sisi. Mchoraji hakuandika neno lo lote la kutuambia njia ilikuwa ndefu. Ameuonyesha wayo, akautia nuru.

Nalifundisha hadithi ile kwa miaka kumi na minane bila kuuona wayo ule. Mtoto wa darasa la tatu ndiye aliyenionyesha, nilipoacha kusema nikauliza.

Majengo nayo yana mambo haya. Wengi mmefika Unguja, Mkunazini, katika kanisa kuu la Kristo lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Noeli ya mwaka ule ule. Ibada ya kwanza ikafanywa humo siku ya Noeli ya mwaka 1877. Askofu Steere, aliyelisimamia jengo, aliezeka kwa zege ya matumbawe, tao moja refu kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, na wapo waliosema litaanguka. Halijaanguka. Mkiingia, msikimbilie kusoma vibao vya ukutani. Simameni kwanza, muitazame nafasi: ilivyo nyembamba, ilivyoinuka, na tao linavyolichukua jicho mpaka mwisho. Kisha geukeni mkazitazame nguzo ndogo zilizo karibu na mlango. Husimuliwa kwamba Askofu alipokuwa hayupo mafundi walizisimamisha kichwa chini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Viongozi wa wageni hupenda kulieleza jambo hili. Nami nawashauri waalimu wawakataze wasiseme kwanza, wawaache watoto watafute wenyewe nguzo zipi zina kasoro. Anayelitambua umbo lililopinduliwa bila kuambiwa, huyo ameanza kuona.

Nje katika bustani kuna kazi nyingine, ya karne iliyopita mwishoni, iliyofanywa na Clara Sörnäs wa Sweden. Ni shimo la pembe nne, na ndani yake wamesimama watu watano wa zege, shingoni wana minyororo. Na minyororo hiyo ni ya kweli, ya siku za utumwa. Nimewaona watu wakifika pale wakapiga picha, wakaondoka. Mimi nawauliza wanafunzi swali moja: sisi tumesimama wapi? Hunyamaza, kisha mmoja husema, "Tuko juu, wao wako chini." Ndivyo. Tumesimama pale pale ambapo mnunuzi angesimama. Msanii hakuhitaji kumchonga mnunuzi. Kwa kuchimba shimo ametufanya sisi tuinamishe macho kama yeye. Na uso wa zege ile haukulainishwa. Ni mkwaruzo, rangi yake ni ya mawe. Angaliwapaka rangi za mwili na nguo, tungalitazama nguo.

Sasa narudi kwenye mlango wangu.

Ninyi mliokaa Unguja, Lamu au Bagamoyo mnazifahamu sehemu za mlango wa nakshi: kizingiti cha juu, miimo miwili, mfaa wa katikati, na mbao zenyewe. Milango ya zamani zaidi ina kizingiti cha juu kilichonyoka. Baadaye, kwa ustadi wa Kihindi, vikaja vizingiti vya tao. Wetu ulikuwa wa ule wa kunyoka. Fundi wa milango hiyo, kwa kawaida, hakutia rangi nyingi za kuchezea macho. Alikuwa na mti wa rangi moja, na patasi, na nyundo. Basi maua yake yalionekana kwa nini? Yalionekana kwa sababu patasi imeingia ndani kiasi cha unene wa punje ya mchele, na mwanga ukija kwa mshazari hushika ukingo mmoja na kuuacha mwingine gizani. Mlango ule watazama magharibi. Asubuhi u bubu. Saa tisa alasiri jua linapoanza kuinama, kila jani hutupa kivuli chake, na mwimo mzima huamka. Jua likikaribia kuchwa huupiga mlango usoni, na nakshi hulala tena. Fundi aliyajua hayo. Kazi yake ilikuwa mwanga na kivuli, na uso wa mti.

Rangi ya mafuta, mipako mitatu, imejaza unene ule wa punje ya mchele. Tena yang'aa, na kitu king'aacho hurudisha mwanga kila upande, hata kivuli hakipati pa kukaa. Hivyo yule mzee aliponiuliza maua yamekwenda wapi, aliuliza swali la kweli, nami nikamjibu juu ya rangi, kwa kuwa rangi ndilo jambo la pekee nililojua kuliona.

Nayasema haya leo kwa sababu nimesikia kwamba katika mitaa kadha wa kadha kamati za jubilei zimekwisha kuchangisha fedha za rangi. Jambo jema. Chokaa ya kuta haina ubaya. Yaweza kupakwa kila mwaka, na ndivyo ilivyopakwa tangu zamani. Lakini ikiwa kanisani kwenu kuna mlango, au meza, au kiti cha zamani, au msalaba uliochongwa na mtu asiyejulikana, basi kabla ya kufungua kopo mmoja wenu achukue kiti, akae mbele yake asubuhi, na alasiri, na jioni, akiandika aonayo. Padre asiiachie kamati peke yake. Mwalimu awalete watoto na penseli. Mkimaliza kutazama mkaona kwamba rangi yafaa, pakeni.

Miaka miwili iliyopita nalirudi kwenye mtaa ule. Padre wa sasa alizaliwa baada ya mlango kupakwa. Alidhani ndivyo ulivyo tangu mwanzo. Nikamweleza, akanipa ruhusa tujaribu. Seremala mmoja, mtu mwenye subira, alilainisha rangi kwa dawa, akawa akiitoa kwa vijiti vya mwanzi, maana chuma kingejeruhi mti. Siku ya kwanza, kutwa nzima, alisafisha mahali panapoenea kiganja changu. Likatokea ua moja zima na nusu ya la pili, na chini yake mstari wa mawimbi. Ua la kwanza lina majani manane. La pili, tulipolimaliza wiki ya pili, lina saba. Nalihesabu mara tatu, kisha seremala akahesabu, na watoto wakahesabu. Kama mkono wa fundi ulikosea, au kama alifanya kusudi, watoto wanabishana hata leo.

Mwimo wa kushoto umekwisha, na mfaa umefika nusu. Kizingiti bado, na mwimo wa kulia bado. Hufanywa Jumamosi, kuanzia saa tisa, wakati jua linapotuonyesha mahali ambapo rangi imebaki.